Mgeni Niliyemtangaza

Mtaa wa Mkomani, Amu
12 Rajabu 1330

Mpendwa ndugu yangu Fadhil bin Mohdhar, huko Unguja,

Kabla ya neno lolote pokea salamu za aliyenyonya ziwa moja nawe. U hali gani? Kifua kilichokusumbua wakati wa kipupwe kimepoa? Na mkeo Bi Alawiya, magoti yake yanamruhusu kupanda darini? Wanao Barka na Ummu nawaombea kwa Mola kila baada ya sala. Ukituuliza sisi, tu wazima kwa kadiri ya umri wetu, alhamdulillahi. Neno hilo la uzima nimeliandika kwa desturi tu, kwa kuwa barua hii yote yaja kulipinga.

Buni uliyotutumia kwa meli ya moshi ilifika kavu, nasi twainywa. Mji u kimya. Mvua za mwaka ziliangusha ukuta wa nyuma wa nyumba ya marehemu shangazi, na watu wa Shela walikuja kuyaomba mawe yake. Sikuwa na nguvu ya kuwakatalia.

Sasa nikwambie langu. Tangu baada ya Maulidi shavu la mguu wangu wa kulia linacheza. Hucheza nikiwa nimekaa, hucheza nikisoma, hucheza nikiwa katika tahiyatu, kama kwamba chini ya ngozi pana samaki mdogo anayetafuta pa kutokea. Hapo mwanzo halikuuma.

Waijua kazi niliyoirithi kwa babu. Watu wa mtaa huja kuniuliza, kiungo fulani kikicheza kina ishara gani? Kope, bega, unyayo, vyote nimewasomea. Juzijuzi jirani yetu Bi Radhiya alisema mdomo wa juu wamcheza. Nikamwambia atakula nyama asiyoinunua, akaenda moja kwa moja kwa mkwewe, akaketi hadi akapakuliwa. Basi mke wangu Saadiya alipoliona shavu langu likiruka, aliuliza kama waulizavyo wote: "Bwana, na huu una habari gani?" Nikamjibu bila kufikiri kwamba ni mgeni wa baharini, tena mpendwa, kwamba Fadhil yuaja.

Ndugu yangu, hukuwa umeniandikia kuwa utakuja. Na ishara ya shavu la mguu katika elimu yetu si hiyo. Nilisema hivyo kwa kuwa niliogopa, nikataka kuusikia mguu wangu ukipewa maana nyingine.

Tangu hapo nyumba ikaingia katika matayarisho. Saadiya alipaka chokaa sabule, kile chumba chetu cha wageni pale chini karibu na mlango. Akaanika magodoro, akawapasha habari wanawake wote wa mtaa. Nami kila nilipoulizwa utafika lini, nilisema meli ijayo.

Wakati huo maumivu yalikuwa yamekwisha kuingia. Huanzia nyuma ya goti yakashuka hadi kisigino, na siku nyingine hupanda pajani nisijue niuweke wapi mguu. Nimechuliwa kwa mafuta ya simsim, nimepigwa chuku ya kuumika damu, nimekunywa kombe la aya nililoliandika kwa mkono wangu mwenyewe. Kila asubuhi nazungusha uzi kwenye shavu la mguu nione kama nyama imepungua. Mara uzi walegea, mara wakaza, na sijui tena kama ni mguu unaobadilika au ni vidole vyangu vinavyofunga. Mtu aliyesoma nahau na fikihi amefika hapa, kujificha chooni akajipima kwa uzi.

Sababu ya hofu yangu ni hii. Marehemu baba hakufa kwa homa. Wewe ulikuwa umekwisha kuhamia Unguja, na mwenyewe aliniamuru niandike homa ili usiache shughuli zako. Yake ilianza kwa shavu la mguu kucheza, kisha maumivu, kisha mguu ukakonda, ukafuata wa pili, ikafuata mikono. Akili na ulimi vilibaki vizima hadi mwisho, na hilo ndilo lililokuwa zito kuliko yote.

Palishuka hapa tabibu mmoja wa Kihindi akakaa siku chache, nikamwendea. Alinigonga magoti, akanisimamisha kwa ncha za vidole, akanikandakanda miguu yote miwili. Akasema haoni ugonjwa wa kuutia jina. Huenda ni uzee, huenda ni jambo jingine, na siku ndizo zitakazosema. Nilitoka kwake na furaha hadi kwenye kona ya msikiti. Hapo mguu ukacheza.

Wiki iliyopita ngazi za darini zilinishinda. Siku ile ile Saadiya alimwita Famau, fundi wa mashua wa Matondoni, akate miguu ya kitanda cha sabule, kile kirefu cha kupandia kibago, kigoda cha kukanyagia. Mimi nilikuwa nimeketi nje ya chumba nikiwasikia.

"Bi Saadiya, mgeni wenu ni mtu mzima au ni mtoto wa chuoni? Kitanda hiki hata kuku atapanda."

"Kata, Famau. Maneno yako hayakati mti."

"Nakata. Lakini Bwana Fadhil nimjuaye mimi ni mrefu. Akikaa hapa magoti yatamgusa masikio."

Famau alipokwenda zake, Saadiya aliingia kutandika, nikaona shuka ni ile yangu. Nikamwambia, "Fadhil hayi, Saadiya, hana safari. Nalikwambia urongo." Hakuacha kutandika. "Nayua," akasema, "tangu siku ya kwanda. Mgeni ni weye." Kisha akanishika mkono, akaniketisha kitandani, nyayo zangu zikafika chini bila taabu. Tangu siku hiyo nalala sabule, na wapitao wakiuliza, yeye huwajibu kuwa meli imechelewa.

Sikuandikii ili unitafutie dawa. Huenda mguu huu ni uzee tu, na nitaishi mpaka niione haya barua hii. Lakini ikiwa ni ile ya baba, nina ombi. Mimi ndiye niliyekuwa nikimwinua, kumtoa kitandani hadi penye maji ya kutawadha. Alikuwa mwepesi. Kila nilipomtia mkono chini ya mabega aligeuza uso ukutani, asinitazame hadi nimemrejesha. Kifo nimekisoma na nimekisomesha. Sikiogopi kama niogopavyo kuinuliwa. Mungu hakutujalia mtoto. Saadiya hana nguvu, na mikono ya watu wa mtaa, hata iwe na wema, sitaistahimili.

Basi njoo, Fadhil. Njoo kabla ya Ramadhani, Bi Alawiya akikupa ruhusa. Huenda ukanikuta natembea, ukanicheka, ukarejea zako. Na ukinikuta siwezi, uniinue wewe. Mimi nitakutazama usoni.

Nisalimie Bi Alawiya kwa heshima, na Barka na Ummu uwabusu vichwa kwa niaba yangu. Saadiya akusalimu sana. Bi Radhiya naye akusalimu, asema usije mikono mitupu. Mwenyezi Mungu akulinde wewe na kizazi chako na kila kilichompata baba yetu, akufungulie ndia ya heri hadi mlangoni petu.

Ni mimi nduguyo nikupendaye,
Abdulghafur bin Mohdhar