Mkono Uliofuta Deni la Masomo

Jumatatu, 3 Juni. Kabambare.
Asubuhi nimemsimamisha mama mmoja wa kijiji cha Lusangi aliyevunjika mguu. Amenitukana kwa Kibangubangu, kisha akatembea hadi mlangoni. Wote ni hivyo. Wanadhani kazi ya kine, mtaalamu wa viungo, ni kukanda tu, kutembea atatembea mwingine.

Mchana usingizi umenipitia kitini. Nimeota niko mtumbwini Nyangwe, mto umesimama, kingo ndizo zinakwenda.

Mwezi huu miaka yangu mitatu inatimia. Mzee Ramazani, mfanyabiashara wa Kasongo, alinilipia masomo kwa sharti: nikitumikia hospitali ya serikali huku, mahali hakuna anayetaka kuja, deni linafutwa. Nikiondoka mapema, nalipa lote. Sikuondoka. Nangoja neno lake tu: nimekusamehe, duniani na ahera.

Alhamisi, 6 Juni.
Habari mbaya. Mzee amepooza upande wa kulia. Hasemi.

Mwanawe Saidi ameniletea ujumbe. Eti sina matrikule, namba ya wafanyakazi wa serikali, wala mshahara wao. Kwa hiyo sikutumikia serikali, na deni liko palepale. Nimecheka. Halafu hasira. Miaka yote hii nimeishi kwa mihogo ya wagonjwa, kumbe nilikuwa matembezini!

Kesho napanda pikipiki kwenda Kasongo.

Jumamosi, 8 Juni. Kasongo.
Nyumba imejaa ndugu na majirani. Nimepiga magoti kando ya kitanda. Saidi akauliza mbele ya wote: "Baba, huyu dada, deni yake iko ama imeisha?"

Mzee alinitazama sana. Akainua mkono wa kushoto, akanipa.

Watu wakaguna. Kwetu mtu hapewi mkono wa kushoto. Tangu utoto tulichapwa kwa hilo. Kushoto ni dharau.

"Unaona," Saidi akasema. "Amekatala."

Nikaamini. Nikatoka bila kuaga, mkono wa Mzee ukabaki hewani. Nimelia hadi kwa dada yangu, ninakolala.

Jumapili, 9 Juni.
Misa sikuisikia. Baada ya chakula nikalala, nikaota mikono inaelea mtoni Lualaba, mingi, imetulia. Ya kulia ilikuwa inazama polepole, ya kushoto inabaki juu. Haikuwa ndoto ya kutisha. Nilitaka kuendelea kuitazama.

Nimeamka na aibu. Mimi ni kine! Kila siku nawaambia jamaa za wagonjwa: mkono huu umelala, msiudai. Jana nimeudai. Angenipa upi?

Jumatatu, 10 Juni.
Nimerudi. Sikubishana na mtu. Mbele ya Saidi na mama yake, Mama Zaina, niliinua mkono wa kulia wa Mzee kwa upole, nikauachia. Ukaanguka juu ya shuka.

Mzee akatoa tena wa kushoto. Nikaupokea kwa mikono yangu miwili. Ulikuwa na joto.

Mama Zaina akasema: "Mutu anatoa kile iko nacho. Amemusamehe."

Saidi akatoka, akarudi na kiti, akaniwekea karibu na kitanda. Sijampenda bado. Lakini nimekaa.

Ijumaa, 14 Juni.
Sina deni. Nilidhani nitaruka kwa furaha. Najisikia kama mtu aliyeshuka pikipiki baada ya safari ndefu, ardhi bado inatikisika. Naweza kwenda Bukavu. Naweza kurudi Kabambare. Sijui. Wiki hii niko hapa kwa Mzee, hakuna aliyenituma.

Leo amekaa ukingoni mwa kitanda bila kushikwa. Vumbi la jua lilikuwa linapita dirishani, taratibu. Akaanza kuhangaika na mdomo. "Ni... ni..." Jasho likamtoka. Nilijua ni neno gani.

Nikamfuta uso. "Pumzika, Baba," nikamwambia. "Nilishasikia."

Tukaendelea na mazoezi ya mguu.