Mama Pima wa Baba Yetu

Kamau ndugu yangu,

Unaikumbuka ile mashine ya kupima kemikali kazini kwetu Ruiru, ile ulisema inakaa kama friji ya bucha? Siku hizi kuna ndogo, inatoshea mkononi. Unaielekeza kwa glasi, inamulika, na kabla upige chafya imeshakwambia kama pombe ina sumu.

Wewe ulikunywa ile ya Kiandutu ukaamka huoni. Chupa ikaletwa kwa ile friji, ikapanga foleni. Majibu yalitoka tukiwa tumeshakuzika. Nilikasirika, Kamau. Bado nimekasirika, na sijui hata na nani.

Sasa sikia. Baba naye ameanza kunywa huko huko. Aliyekuuzia alihama, akaja mama pima mwingine wa kuwapimia walevi, na pombe ni ile ile. Nimembembeleza Baba, nimemfokea, wapi! Basi nikamwomba mdosi wangu wa kazi kale kamashine, nikatoka kazini moja kwa moja hadi Kiandutu. Walevi wakaanza: "Mama pima wa pili amefika!" Nikamulika glasi ya Baba. Haikuwa na sumu. Aki nilishusha pumzi.

Baba akaniangalia, akasema, "Maitu, wewe umeshanipimia. Sasa huyu mama wa pombe naye anipimie." Wote wakacheka. Hata mimi nilicheka, Kamau, woi! Halafu nikalia njia yote hadi nyumbani Kamenu.

Unajua ananiita maitu, mama yake, kwa sababu nimebeba jina la cucu aliyemzaa. Zamani nilipenda sana. Siku hizi hagusi glasi kabla sijafika. Namkuta amekaa, mikono kwa magoti, ananingoja kama mtoto anayengoja kupakuliwa chakula. Kamashine kanasema pombe ni safi. Macho yake yamekuwa manjano, tumbo limefura, na hayo kamashine hakaoni. Nikisema siendi tena, atakunywa tu bila kupimiwa. Nikienda, ni mimi ninayempa ruhusa. Ungekuwa hapa ungeniambia nifanye nini?

Lala, ndugu yangu. Siwezi kukuahidi kwamba ataacha. Ninachokuahidi ni kwamba kila jioni nitakuwa pale. Wewe ulikufa ukiuliza ni nani amekushika mkono. Baba akienda, atakuwa ananiona.

Dada yako,
Wanjiru