Bunduki Mbele ya Mama

Ijumaa, mjini Ibra

Bora ningeliiacha garini. Lakini nilikuwa na furaha, nikaingia nayo sebuleni nimeitundika begani.

Ni bunduki ya kale niliyoinunua leo mji wa Nizwa, ya risasi ndogo za kulengea shabaha, ila imeundwa ifanane kabisa na ya askari. Kibali ninacho. Nilipoiona tu, nikaitaka.

Mama alikuwa anachambua mchele. Hakupiga kelele. Aliwashika wajukuu mikono, akawatia chumbani, akasimama mlangoni.

"Mama, ni mimi, Salim."

"Nakuona. Iondoe."

Alikuwa mtoto, Unguja, walipoingia watu wenye bunduki nyumbani kwao wakamchukua baba yake. Hilo nalijua tangu utotoni. Nalijua, na bado...

Nikatoka nayo. Baada ya Isha nikamwambia nimeirejesha kwa aliyeniuzia.

"Ahsante, baba. Mungu akuweke." Akanishika kichwa, akanisomea dua.

Bunduki imo ndani ya buti la gari, nimeifunika mkeka. Na mpaka sasa ninaipenda.