Bamia Nyuma ya Friji

Gudele, Juba, Jumatano, Agosti 2008. Mvua tangu alfajiri.

Friji yetu imepona leo saa nne asubuhi. Insulini iliyokuwa ndani yake haijapona, wala haitapona.

Nianze na ninayoyajua kwa hakika. Mama ana kisukari. Dawa yake hutoka Nairobi ndani ya chupa ya chai iliyojazwa barafu, mikononi mwa msafiri ninayemwamini. Hapa Juba nimezunguka maduka ya dawa hadi mtaa wa Hai Cinema: hakuna. Umeme wetu ni wa jenereta ya jirani, kuanzia magharibi hadi watu wanapolala, na baridi ya saa hizo ndiyo inayotuvusha mchana. Jenereta ikivuma, huwezi kusikia kama friji inafanya kazi. Ikizimwa, friji hunyamaza kama kawaida. Ndiyo maana ilipokufa hakuna aliyeshtuka.

Kipimo cha sukari katika damu ya Mama kikaanza kupanda. Kumi na moja. Kumi na nne. Kumi na saba.

Nilikuwa na maelezo tayari: anakula sukari kwa siri.

Jumapili, mbele ya wageni wa kanisani waliokuja kutujulia hali, nilimuuliza anaificha wapi. Akaweka kikombe chini, akanitazama. Tangu siku hiyo anakula vijiko vitatu vinne, basi. Na mimi ni mwandishi wa habari mwenye uzoefu wa miaka kumi na tisa, ninayewarudishia vijana wa gazetini habari yenye chanzo kimoja. Hii yangu haikuwa na chanzo hata kimoja.

Mama alikuwa ameona kwamba chupa za dawa si baridi. Alidhani jirani amepunguza saa za jenereta kwa sababu dizeli imeadimika, na akaona ni aibu kumlalamikia mtu anayetusaidia. Baada ya Jumapili hakuwa na hamu ya kuniambia lolote.

Jana jioni nilifungua friji kutafuta barafu. Nilikuta maji.

Leo amekuja fundi Kato, Mganda mwenye kibanda hapa barabarani. Ameivuta friji kutoka ukutani, akachungulia nyuma yake, akaweka bisibisi chini na kuanza kucheka.

Bamia. Zimekatwakatwa, zimetungwa kwenye uzi, zimefungwa safu kwa safu juu ya mabomba ya nyuma, yale yanayotoa joto. Na pengo lote kati ya friji na ukuta limezibwa kwa gunia.

"Ssebo, bwana, hii friji haina ugonjwa," amesema Kato. "Iko napika mboga."

Khalti Poni, mdogo wake Mama, amekuja mlangoni bila wasiwasi wowote. Alifika kutoka Yei wiki mbili zilizopita na gunia la bamia, na kwetu mgeni anayejiheshimu hakai bure. Bamia sharti zikauke zisagwe ziwe waika, unga wa kuungia mchuzi, na mwezi huu mvua haina huruma.

"Sasa jua iko wapi?" ametuuliza. "Huku nyuma iko joto muzuri. Mimi nikasema, hawa watu wa Juba wamenunua jua, wameficha nyuma ya kabati!"

"Na gunia, Khalti?"

"Panya!"

Mota ilikosa hewa, ikachemka, ikaunguza kifaa cha kuiwasha. Kato amekibadilisha kwa kilichotoka kwenye friji kuukuu, jirani akatuwashia jenereta, friji ikanguruma. Tumecheka wote, hata Mama. Bamia, niseme ukweli, zilikuwa zimekauka vizuri sana.

Halafu Khalti akaona nikitupa chupa nne za dawa, akauliza kwa nini.

Alijua dada yake anajidunga. Hakujua kwamba dawa ile huishi kwa baridi. Hatukumwambia, maana mgeni hasomewi masharti ya nyumba. Ameketi sakafuni, anaomba radhi kwa Kiarabu, malesh, malesh, na Mama ndiye anayembembeleza.

Daktari niliyempigia simu anasema Mama anywe maji mengi, na akianza kutapika nimkimbize hospitali hapohapo. Mtu wangu wa Nairobi anapanda ndege Jumamosi na dawa nyingine. Leo ni Jumatano. Nimehesabu siku hizo mara nyingi kuliko inavyosaidia.

Mchana nimemwomba Mama radhi. Amesikiliza hadi mwisho.

"Gazetini mkimsingizia mtu, mnafanyaje?"

"Tunachapisha masahihisho, Mama."

"Wageni walikuwa wengi Jumapili. Chapisha."

Masahihisho: Jumapili nilisema mbele ya watu kwamba mama yangu anakula sukari kwa siri. Hakula. Kosa lilikuwa langu.

Kipimo cha jioni hii ni kumi na tisa.