Saa Mbili na Nusu, Tabora Mpaka Dar es Salaam

Tabora

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Na barabara ya misheni, inapitika baada ya mvua? Mimi mzima, kazi ya uuguzi ni nyingi, lakini acha nianze na habari yenyewe maana itanipasua kifua: Mama, nimepanda ndege!

Wiki iliyopita mama mmoja alimleta wodini binti yake Zuhura, wa miaka mitatu. Alikuwa akila karanga huku anacheka, moja ikapita njia ya hewa. Alipumua kwa shida, sauti imekwisha kabisa. Daktari wetu akasema kifaa cha kuitolea kiko Dar es Salaam.

"Kwa treni ni usiku kucha na mchana wake," akasema. "Huyu hawezi kungoja."

Bahati nzuri, ndege ndogo ya serikali ilikuwa imeleta chanjo na inarudi Dar asubuhi ile ile. Muuguzi mkuu akanigeukia: "Veronika, nenda nao."

Sikupata hata nafasi ya kuvua aproni. Rubani alituambia kwa mstari ulionyooka ni kilomita kama mia saba, mwendo wa saa mbili na nusu. Sikumwamini. Tulipopaa, Mama Zuhura alinikamata mkono mpaka ukafa ganzi. Baadaye akauliza, "Dada, mbona imesimama?" Kweli, huko juu mwendo huuoni. Mimi macho yote kwa mtoto. Midomo yake ilipoanza kugeuka rangi nilimkalisha wima, nikamwegemeza kifuani, nikaomba.

Kumbe Dodoma tumeshaipita! Rubani akanyoosha kidole kulia: "Uluguru ile."

Mama! Milima yote, mawingu yamekaa mabegani, mji wa Morogoro umetandazwa miguuni pake. Matombo yetu iko upande wa pili wa milima, sikuiona, lakini nilipaza sauti, "Shikamoo, Mama!" Rubani akaitika, "Marahaba!" Hata Mama Zuhura, pamoja na hofu yake, alicheka.

Dar tulikuta gari la wagonjwa linangoja. Tukakaa nje ya chumba cha upasuaji mpaka daktari akatoka na kibakuli. Ndani yake nusu ya karanga. Kidogo hivyo!

Jioni Zuhura alizinduka akaangua kilio, wodi nzima ikageuka. Nilitaka kumbembeleza, mama yake akanizuia, naye machozi yanamtoka.

"Muache alie, Dada. Nilidhani sitaisikia tena sauti hiyo."

Msalimie sana Baba, na kaka Severini anayeteremsha ndizi sokoni, na shangazi wa shamba la pilipili manga. Likizo yangu ya Pasaka imekubaliwa. Nitashuka stesheni ya Morogoro na kupanda huko nyumbani kwa lori, au kwa miguu lori likikosekana.

Ni mimi, binti yako mwenye furaha,
Veronika