Tuliyoyaficha Lopur

Mjukuu wangu Akiru,

Ejok, hujambo? Sisi huku Lodwar tupo tu. Mjomba wako amerudi Kakuma, na mvua imetukwepa tena.

Umeniuliza ukaseme nini kwenye mkutano wa wadau huko Nairobi, mtakapotoa maoni juu ya mwongozo wa kutambua kemikali zinazovuruga homoni.

Nilikuwa nimeolewa karibuni, tukiishi Lopur. Tulinyunyizia mbuzi dawa ya kupe, kisha mkebe wake tukauosha, tukakamulia maziwa humo. Mbuzi wakaanza kutupa mimba. Afisa wa mifugo akaja kuuliza kama dawa ina shida. Wazee wakamjibu, "Mbuzi wetu wako sawa." Ndivyo tulivyo, mgeni hatumwambii ubaya wa zizi letu. Sisi wanawake tuliokamua tulikaa nyuma, kimya. Akaandika kwamba hakuna shida, akaondoka.

Sidhani hao wa mkutano watakusikia, Akiru. Karatasi zao huja zimeshaandikwa. Ukipewa nafasi, waulize kama wamezungumza na wanaokamua.

Mwaka ule mimba yangu nayo ilitoka. Sijui kama ni ile dawa. Hakuna aliyeniuliza, nami sikusema.

Nyanya yako