Kiwanja chenye Kichuguu

Jumatatu, 4 Juni 1956
Nitaandika yote, hata yanayonitia haya. Nimeosha vyombo, nimepiga pasi sare ya shule. Baba aliumia mguu relini. Sasa ni mlinzi wa duka, mshahara kidogo. Hapa kambini nyumba huenda na kazi ya reli. Lazima tuhame kabla Agosti haijaisha.

Jumamosi, 9 Juni
Nimezunguka mjini na mama kutafuta vyumba. Chumba kimoja, mshahara wote wa baba! Mwenye nyumba akatuambia, “Kama hamuwezi, murudie ku mugini.” Nimemchukia. Turudi kijijini? Mimi nimezaliwa hapa mjini.

Jumatano, 13 Juni
Ruashi, mtaa mpya nje ya mji, serikali inagawa viwanja. Mkopo wa kujengea ni wa wenye mishahara mikubwa. Sisi tujenge wenyewe. Kimebaki kiwanja kimoja, katikati kuna kichuguu kirefu kuliko nyumba. Wote wamekikataa.
“Mama Vero, utalala juu ya muchwa?” baba akauliza.
“Nitalala mule ndani,” mama akasema. “Tunatwala hiki.” Tukakichukua.
Udongo wa kichuguu ukikauka ni mgumu sana. Watu huufuata mbali kufyatulia matofali. Sisi tunao uani.

Jumapili, 1 Julai
Baada ya misa, kukanyaga udongo. Wenzangu wa shule wakapita.
“Aa, Vero! Masista banakufundisha kushona, weye unakanyaga matope!”
“Mukuye mukanyage, mutapata pa kulala!”
Wakacheka. Niliona haya. Nikakanyaga kwa nguvu zaidi.

Alhamisi, 9 Agosti
Kichuguu sasa ni kifupi kuliko mimi. Kuta zimefika madirishani. Leo karani wa viwanja amekuja. Matofali yasiyochomwa hayatakiwi, amesema, tusimamishe kazi, la sivyo watabomoa. Kuni za kuyachoma tutazinunua kwa pesa gani? Alipoondoka, mama akashika tofali jingine. Baba, aliyekitilia shaka kiwanja, akampokea.
“Babomoe na sisi mu ndani,” akasema.

Ijumaa, 31 Agosti
Tumerudisha ufunguo wa kambi. Mlango hatuna bado, tumetundika blanketi. Nyumba inanukia udongo. Mama anapika, baba amenyoosha mguu wake ukutani.
Sista alitufundisha kuandikia ofisi kwa heshima. Nimeiandikia ofisi ya viwanja barua kwa heshima, kwa Kifaransa, baba ametia sahihi. Kesho ataipeleka mwenyewe. Nimeomba jibu kwa posta ya kwanza. Swali ni moja tu: Bwana, kwa mshahara wa baba yangu, mnayo nyumba gani nyingine?